LINUS PAULING: MTAALAMU ALIYEFICHUA SIRI YA DAMU

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mpenzi msomaji, mwiba ninaotaka kukusimulia leo ni mdogo hata kuliko ule wa mchongoma unaozunguka shule yetu. Ni kosa la herufi moja tu katika maandishi yaliyomo ndani ya mwili wa binadamu. Hata hivyo, kosa hilo limewaliza wazazi na kuwalaza watoto vitandani tangu enzi na enzi. Mtu aliyetuonyesha kwamba kosa hilo linakaa ndani ya protini moja ya damu ni Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani.

Najua wengi wenu mngependa kusoma habari za wanariadha na wanasiasa. Nivumilieni. Nina sababu ya kumchagua Pauling, na sababu hiyo inalala nyumbani kwetu. Kitindamimba wetu, msichana wa miaka tisa, ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Alipokuwa mtoto mchanga vidole vyake vilikuwa vinavimba, analia usiku kucha. Majirani wakanong'ona ati kuna mkono wa mtu. Wengine walimlaumu Mama waziwazi. Katika zahanati moja tuliambiwa kila mara ati hiyo ni malaria tu, tukapewa dawa tukarudi. Alipofika miaka minne ndipo damu yake ilipopimwa sawasawa. Baadaye tukapimwa sote. Ikabainika kwamba Baba na Mama ni wabebaji wa kosa hilo bila kujua, na mimi pia ni mbebaji. Lakini sisi watatu ni wazima, tunalima, tunakimbia, tunacheza mpira. Basi nikajiuliza, itakuwaje kitu kimoja kimwangushe ndugu yangu na kiniache mimi nimesimama? Mambo ya jeni hufunzwa katika Kidato cha Nne, lakini mimi sikuweza kungoja. Nilitafuta vitabu, na kila nilipofungua nilikuta jina la Pauling.

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, huko Marekani. Babake, Herman, alikuwa mwuza dawa. Mwaka wa 1910, Linus akiwa na miaka tisa tu, babake aliaga dunia ghafla. Mamake, Belle, akabaki na watoto watatu, Linus na dada zake wawili. Mama huyo aliendesha nyumba ya kupangisha wageni ili watoto wapate chakula. Pesa hazikutosha, kwa hivyo Linus alijua vibarua mapema.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu hivi, rafiki yake aitwaye Lloyd Jeffress alimwonyesha jambo la ajabu. Alichanganya sukari na kemikali fulani, akadondoshea asidi kali, na mchanganyiko ule ukawaka moto ukaacha kaa jeusi. (Tafadhali msijaribu jikoni kwenu!) Tangu siku hiyo Linus aliamua kwamba atakuwa mwanakemia. Alikusanya chupa na vifaa vilivyotupwa, akajitengenezea maabara yake nyumbani.

Hapa kuna jambo litakalowafurahisha wenzangu wanaochukia somo la historia. Pauling aliacha shule ya upili mwaka wa 1917 bila cheti, kwa sababu hakumaliza masomo ya historia ya Marekani yaliyotakiwa. Shule yenyewe ilimpa cheti hicho zaidi ya miaka 40 baadaye, dunia nzima ikiwa inamjua! Lakini msishangilie sana. Chuo cha kilimo cha Oregon kilimpokea kwa kuwa alikuwa amefanya bidii isiyo ya kawaida katika hesabu na sayansi. Hakupita kwa uvivu.

Huko chuoni pia mambo yalikuwa magumu. Mwaka wa 1919 ilibidi asimamishe masomo ili afanye kazi na kumsaidia mamake. Walimu walipoona hivyo wakampa kazi ya kuwafunza wenzake kemia, naye akiwa na miaka kumi na minane tu. Mwaka wa 1922 alipewa darasa la wasichana waliosomea sayansi ya nyumbani. Katika darasa hilo alimpata Ava Helen Miller, nao wakaoana mwaka wa 1923. Walijaliwa watoto wanne. Mkumbukeni Ava Helen, maana tutakutana naye tena mbele.

Pauling alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1925 katika chuo cha Caltech, huko California, kisha akaenda Ulaya kujifunza fizikia mpya. Aliporudi alikuwa na swali moja kubwa: atomu hushikana vipi? Alilichunguza swali hilo kwa miaka mingi, na mwaka wa 1939 akatoa kitabu kikubwa kuhusu jambo hilo. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1954.

Sasa tufike kwenye damu. Katika Kidato cha Pili tulifunzwa kwamba chembechembe nyekundu za damu zimejaa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Pauling aliipenda sana himoglobini. Mwaka wa 1936 yeye na mwenzake waligundua kwamba damu yenye oksijeni na ile isiyo na oksijeni hazifanyi sawa mbele ya sumaku. Kwa hivyo alikuwa anaijua himoglobini kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake.

Ugonjwa wa selimundu ulikuwa umeandikwa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka wa 1910. Herrick alimtibu mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada. Alipoangalia damu yake kwa hadubini, aliona chembechembe zilizopinda kama mundu badala ya kuwa mviringo. Huku kwetu, bila shaka, wagonjwa walikuwepo zamani sana kabla ya kitabu chochote. Lakini hakuna aliyejua ni kitu gani kinachozipinda chembechembe hizo.

Mwaka wa 1945 Pauling alizungumza na daktari William Castle, ambaye alimweleza kwamba chembechembe hizo hupinda zaidi katika damu iliyopoteza oksijeni. Wengine wangesikia na kusahau. Pauling alifikiri hivi: ikiwa oksijeni ndiyo inayofanya chembe ipinde au inyooke, na kitu kinachoshika oksijeni ni himoglobini, basi kosa lazima liwe ndani ya himoglobini yenyewe. Hakuwa amemwona mgonjwa hata mmoja wala hakuwa daktari. Alibashiri kwa akili, kisha akatafuta ushahidi.

Kazi ya kutafuta ushahidi alimpa daktari kijana, Harvey Itano, ambaye baadaye alisaidiwa na Jonathan Singer na Ibert Wells. Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Walijaribu hiki na kile, himoglobini ya mgonjwa na ya mzima zikawa zinafanana kabisa. Mwishowe walitumia mtambo unaopitisha umeme ndani ya maji yenye protini. Protini zenye chaji tofauti husafiri tofauti, kama vile katika mbio ambapo mmoja hubaki nyuma ya mwingine. Hapo ndipo siri ilipofichuka! Himoglobini ya mgonjwa haikusafiri sawa na ya mtu mzima. Na wale wabebaji, watu kama mimi, walikuwa na aina zote mbili katika damu yao. Habari hizi zilichapishwa katika jarida la Science mnamo Novemba 1949. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa kuonyeshwa kuwa unatokana na kasoro ya molekuli moja. Mwaka huohuo James Neel alionyesha kwamba mgonjwa hurithi kosa hilo kutoka kwa wazazi wote wawili.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kumweleza Mama. Nilimwambia kwamba hakuna aliyetuloga, wala yeye hakukosa lolote. Nusu ilitoka kwake na nusu ilitoka kwa Baba, na hakuna aliyejua. Mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaendelea kuchambua mboga. Lakini jirani alipokuja jioni kuleta maneno yake, Mama alimweleza habari za damu mwanzo hadi mwisho, jirani akaondoka kimya.

Je, kosa lenyewe ni lipi? Pauling alionyesha kwamba lipo, lakini aliyelipata kwa jina ni Vernon Ingram, aliyekuwa akifanya kazi Cambridge, Uingereza. Kati ya mwaka wa 1956 na 1957 Ingram aliikata himoglobini vipande vipande kwa kimeng'enya, akavitandaza kwenye karatasi. Vipande vyote vilifanana isipokuwa kimoja.

Ili tuelewe, fikiria protini kama uzi wa shanga. Shanga zenyewe huitwa amino asidi, na kuna aina 20. Himoglobini ina nyuzi nne, mbili za alfa na mbili za beta. Uzi wa beta una shanga 146. Kwa mtu mzima, ushanga wa sita ni asidi glutamiki, ambayo hupenda maji. Kwa mgonjwa, ushanga huo wa sita ni valini, ambayo huchukia maji. Mengine yote ni sawa! Himoglobini inapotoa oksijeni, valini hiyo hutafuta pa kujificha, ikaingia kwenye kishimo kilicho katika himoglobini ya jirani. Hiyo nayo hushika nyingine, na nyingine, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu ndani ya chembe. Kamba hizo ndizo zinazoipinda chembe ikawa kama mundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na hapo ndipo yale maumivu ya ndugu yangu hutoka. Chembe nzima huishi siku 120 hivi, lakini iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu.

Na ushanga hubadilikaje? Maagizo ya kutunga shanga yameandikwa katika jeni kwa herufi nne tu, A, T, G na C, nazo husomwa tatu tatu. Herufi GAG huagiza asidi glutamiki. Zikigeuka kuwa GTG, huagiza valini. Herufi moja, basi. Lakini tazama jambo hili. GAG ikigeuka kuwa GAA, hakuna kinachoharibika, kwa sababu GAA pia huagiza asidi glutamiki. Ikigeuka kuwa AAG, huagiza ushanga mwingine uitwao lisini, na ugonjwa unaotokea si mkali kama selimundu. Mahali ni pamoja, lakini matokeo ni matatu: moja si kitu, moja ni kidogo, na moja ni balaa. Kwa hivyo haitoshi kusema kwamba jeni imebadilika. Lazima uulize mabadiliko hayo yameifanya nini protini.

Hadithi hii ina tawi lililoota hapa kwetu Kenya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini lakini alikulia Kenya, babake akiwa mkulima. Mwaka wa 1949 alirudi na kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aligundua kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Tofauti ni nini? Mbu! Mwaka wa 1954 alitangaza kwamba mbebaji wa selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali. Hiyo ndiyo sababu kosa hili halikutoweka huku kwetu. Mbebaji aliishi, akazaa, akarithisha. Kumbe kile kilichomlaza ndugu yangu ndicho huenda kilichoniponya mimi nilipokuwa mdogo. Sijui nifurahi au nilie.

Turudi kwa Pauling. Baada ya mabomu ya atomiki ya mwaka wa 1945, mataifa makubwa yaliendelea kuyajaribu mabomu mapya angani. Pauling alijua kwamba mnururisho hugeuza herufi za jeni, na alikwisha kuona herufi moja inavyoweza kumwumiza mtoto. Mkewe Ava Helen ndiye aliyemsukuma asinyamaze. Alizunguka akihutubu, na serikali yake ikamshuku. Mwaka wa 1952 alinyimwa pasipoti alipotaka kwenda London kwenye mkutano wa wanasayansi. Hakurudi nyuma. Mwaka wa 1958 yeye na mkewe walipeleka kwa Umoja wa Mataifa ombi lililotiwa sahihi na wanasayansi zaidi ya 9,000, wakitaka majaribio hayo yakomeshwe. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya angani ulianza kutumika tarehe 10 Oktoba 1963, na siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba Pauling amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 1962. Hadi leo hakuna mtu mwingine aliyepata tuzo mbili za Nobel bila kugawana na yeyote.

Hata hivyo, msomaji, mtu ni mtu. Pauling alikosea pia, na si vizuri nifiche. Mwaka wa 1953 alitangaza umbo la DNA lenye nyuzi tatu, kumbe ni mbili, na vijana wa Cambridge wakampita. Uzeeni alisisitiza kwamba vitamini C kwa wingi inatibu mafua na hata saratani, lakini majaribio ya madaktari hayakuthibitisha hayo.

Kosa lililoniuma mimi ni jingine. Mwaka wa 1968 aliandika akipendekeza kwamba vijana walio wabebaji wa selimundu watiwe alama kwenye kipaji cha uso, ili wabebaji wawili wasipendane na kuzaa watoto wagonjwa. Niliposoma hayo niligusa kipaji changu. Yaani mimi nije shuleni kila asubuhi na chapa usoni kama ng'ombe wa mnadani? Najua nia yake ilikuwa kuzuia mateso, na mateso hayo nayajua, maana nimeyakesha. Lakini alisahau kwamba anayebeba herufi hiyo pia anabeba jina, na heshima, na wazazi. Baba na Mama wangetiwa alama zile, labda wasingeoana, na mimi nisingekuwepo kuandika makala haya. Ndugu yangu naye asingekuwepo, na nyumba yetu bila kicheko chake ingekuwa nyumba gani? Naona ni afadhali watu wapimwe kwa hiari yao, waelezwe ukweli, kisha waamue wenyewe. Alama ya usoni haikufanywa, namshukuru Mungu.

Pamoja na makosa hayo, njia aliyoichonga Pauling bado inapitwa. Mwaka wa 1948, akiwa mgonjwa wa mafua kitandani huko Oxford, alikunja kipande cha karatasi akatambua jinsi uzi wa protini unavyojizungusha kama ngazi ya mzunguko. Leo kazi ya kukunja hufanywa na kompyuta. Mwaka wa 2023 watafiti wa Google DeepMind walitoa programu iitwayo AlphaMissense. Walihesabu mabadiliko milioni 71 ya herufi moja yanayoweza kubadilisha ushanga katika protini za binadamu. Programu ilibashiri kwamba asilimia 57 huenda hayana madhara, asilimia 32 huenda yana madhara, na yaliyobaki haikuwa na hakika nayo. Pauling na vijana wake walihangaika miaka mitatu kwa kosa moja tu! Lakini ubashiri si hukumu. Kompyuta ikisema, bado lazima daktari ampime mgonjwa, kama vile Pauling alivyobashiri kwanza kisha akaweka damu kwenye mtambo.

Tiba nayo imesonga. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya selimundu inayohariri jeni za mgonjwa. Bei yake haishikiki, na kwetu sisi bado ni ndoto. Kwa sasa ndugu yangu anakunywa maji mengi, anakingwa na baridi, analala ndani ya neti, na anameza dawa zake kila siku. Anasoma Darasa la Tatu na ananishinda kuchora.

Ava Helen alifariki mwaka wa 1981. Pauling mwenyewe aliaga dunia tarehe 19 Agosti 1994 nyumbani kwake Big Sur, California, akiwa na miaka 93.

Wenzangu, nimejifunza mambo mawili. La kwanza, yule kijana aliyeachwa na babake mapema, akakosa pesa na akakosa hata cheti, hakukosa maswali. Nasi wa shule ya kutwa, tunaosoma kwa taa ya koroboi, tusiogope kuuliza. La pili, mkimwona mwenzenu macho yake yamekuwa ya manjano, au amekosa shule wiki nzima kwa sababu ya maumivu, msimwite mvivu wala msiseme amerogwa. Kosa ni la herufi moja, wala si lake. Na kama wewe hujawahi kupimwa, nenda ukapimwe. Mimi nilipimwa, na kipaji changu kiko safi kama chako.

Kwaherini, tuonane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.